Ridhaa ya Baba Mdogo

Niliacha shule nikiwa darasa la nne, wiki ileile tuliyomzika mama. Baba alikuwa ametangulia msimu mmoja wa pamba kabla yake. Mimi nilikuwa mkubwa wa watoto wanne, na mdogo wetu wa mwisho, msichana, alikuwa bado hajaanza kutambaa. Mwalimu mkuu alikuja nyumbani mara mbili kuniulizia. Mara ya pili alinikuta natwanga mtama, mtoto yuko mgongoni. Alisimama kidogo, akaniambia nisiache kusoma chochote nitakachokipata, akaenda zake.

Nilichokuwa nacho cha kusoma kilikuwa kijitabu kimoja cha baba. Baba alikuwa mpima pamba wa chama cha ushirika, nje kidogo ya Isaka, na miaka michache kabla ya kufa aliingia dini ya Kibahai pamoja na familia chache za jirani, baada ya kufundishwa na mtu aliyekuja kwa baiskeli na kulala kwetu siku nne. Alichokipenda ni kwamba dini hiyo haina padri wala shehe. "Kila mtu asome mwenyewe," alikuwa akisema. "Asiyejua kusoma asomewe, halafu afikiri."

Mdogo wake wa kufuatana naye, baba yetu mdogo, alikuwa Mkatoliki wa kila Jumapili. Waliishi boma kwa boma na walitaniana bila kuchoka.

"Sasa kaka, dini isiyo na padri, siku ukifa nani atakuzika?"

"Tutazikana."

"Na mkibaki wawili?"

"Mmoja atamzika mwenzake, na wewe utamzika wa mwisho. Tumekuwekea kazi."

Ikawa hivyo kweli, kwamba Wabahai walimzika baba, na baba mdogo alishika koleo pamoja nao.

Kijitabu kilikuwa kimepigwa kwa taipureta. Sala zilikuwa mbele, sheria chache nyuma. Sheria ya ndoa ilichukua mistari michache tu: mwanamume na mwanamke wachaguane wenyewe, kisha wapate ridhaa ya wazazi wao wote walio hai. Niliijua kama nilivyojua njia ya kisimani. Kila baada ya siku kumi na tisa tulikutana nyumbani kwa mmoja wetu, tukasali, tukashauriana mambo ya jumuiya, kisha tukala pamoja. Kila Aprili tulichagua watu tisa wa Baraza, kwa kura ya siri, bila mtu kujipigia debe. Miaka mingi mwenyekiti alikuwa mzee mmoja ambaye zamani aliwahi kuwa katekista. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, kwa hiyo mimi ndiye niliyesoma, yeye akaeleza. Hakuna aliyemchagua awe mwelezaji, ila alikuwa na sauti ya kueleza, nasi tulikuwa na mazoea ya kusikiliza.

Nilipopita miaka ishirini nilikuwa nauza karanga na matobolwa, yale ya viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, kwenye stesheni ya Isaka. Kulikuwa na kijana wa gengi la kutengeneza reli aliyekuja kununua kila treni ilipopita, na hata isipopita.

"Dada, karanga zako zina mchanga."

"Si mchanga huo, ni meno yako yanaisha."

"Basi nipe za mtu asiye na meno."

Alikuwa mtu wa Tabora, Mwislamu, mpole, na kwa dini yetu Uislamu wake haukuwa kizuizi. Nilipomwambia nina wadogo watatu wanaonitegemea hakushtuka. Alisema, "Nikikuoa wewe nimeoa wanne. Chumba cha reli ni kidogo, lakini tutapangana." Wazazi wake waliandika barua ya kukubali. Upande wangu, Baraza lilikaa.

Kikao hicho nakikumbuka vizuri. Mimi ndiye niliyesoma ile mistari, kwa sauti, nikiwa nimesimama. Nilipofika kwenye wazazi wote walio hai, mwenyekiti aliuliza, "Baba yupo?" Wajumbe wakajibu, "Yupo, mdogo wa marehemu." Basi. Kwetu ndugu wa baba ni baba. Nilimwita baba tangu nianze kusema, na mama alipokufa ndiye aliyetupimia shamba letu ili lisichukuliwe. Hakuna hata mmoja mle ndani aliyeona jambo la kuuliza. Nami sikuona.

Wazee wawili walitumwa kwake. Walirudi jua likiwa bado juu.

"Amekataa," wakasema. "Anasema mtu wa treni hana kwao. Leo Isaka, kesho Kigoma. Na hawa watoto awaachie nani?"

Mwenyekiti aliniita pembeni. Alisema kwa huruma, na najua ilikuwa huruma ya kweli, "Mwanangu, sheria ni sheria. Tukiivunja leo kwa kuwa tunakupenda, kesho tutaivunja kwa kuwa tunamwogopa nani?"

Nilisema sawa. Nilikwenda mwenyewe stesheni kumwambia yule kijana. Alinisikiliza akiwa ameshika nyundo yake ya reli, kisha akasema, "Basi niende mimi kwa mzee. Nikae naye, tuzungumze."

Nikamwambia hapana. Kwetu Baraza likishasema limesema, na sikutaka aonekane mtu wa kulizunguka. Alikaa Isaka masika mbili zaidi, akinunua karanga na kulipa bila utani. Kisha akahamishiwa njia ya Kigoma. Baadaye nilisikia ameoa huko. Mimi sikuolewa. Watu walikuja, lakini nilikwishazoea kuwa baba na mama wa nyumba, na nilijipa moyo kwamba nimetii neno la Mungu.

Ikaja miaka ya vijiji vya ujamaa. Tulihamishwa kutoka kwenye maboma yetu, tukajengewa mistari ya nyumba zinazopeana migongo. Jumuiya yetu ilitawanyika. Familia mbili zilikwenda kwa ndugu zao Bukombe, nyingine zikapangiwa kijiji kingine, na kuna mikutano tuliyokuwa watu watano na sahani tatu. Mwaka mmoja hatukutimia tisa, Baraza likafa. Tulilifufua baadaye na watu wapya, vijana waliosoma, wanawake wawili, na mimi nikiwa katibu. Mwenyekiti alibaki yule yule mzee. Baba mdogo alipangiwa nyumba mstari wa nyuma yetu. Sikumchukia. Kila asubuhi nilimpa shikamoo yake, naye aliuliza watoto wameamkaje, hata walipokuwa na ndevu.

Mdogo wetu wa mwisho, yule niliyemlea mgongoni, alimaliza darasa la saba. Kaka zake walikwenda kuchimba dhahabu upande wa Geita, naye akawafuata kuwapikia wachimbaji. Baada ya mwaka alirudi na mtu. Kijana mwenye udongo mwekundu uliokwisha ingia kwenye kucha, mcheshi kupita kiasi, asiyejua mwezi ujao atakuwa kwenye duara lipi, kwani hivyo ndivyo wanavyoita mashimo yao. Sikumpenda. Nilimpa maji na ugali, nikakaa kimya, kwa sababu nilijua atakataliwa.

Akakataliwa. Baba mdogo alitumia maneno yale yale: mtu wa mashimo hana kwao. Kusema kweli nilipata nafuu. Niliona sheria imenifanyia kazi ambayo sikutaka kuifanya kwa mdomo wangu.

Lakini mkutano uliofuata, wakati wa mashauriano, mdogo wangu alisimama.

"Wazee wangu, shikamooni. Naomba nionyeshwe palipoandikwa kwamba baba mdogo ndiye anayenipa ridhaa."

Mwenyekiti akatabasamu. "Mjukuu wangu, si baba yako yule?"

"Ni baba yangu. Lakini kilichoandikwa ni wazazi. Yeye hakunizaa."

"Eti hakunizaa," mama mmoja akacheka. "Hizi shule za darasa la saba zitatuua. Kesho utamwomba akuonyeshe cheti."

"Cheti sitaki, mama. Nataka mstari."

Watu wakacheka, wengine wakaguna. Kijana mmoja wa Baraza akasema kwamba jambo likibishaniwa huulizwa juu, kwa Baraza la Taifa, Dar es Salaam. Mwenyekiti alisita, kisha akasema, "Katibu, andika."

Niliandika. Na kwa kuwa kalamu ilikuwa yangu, mwishoni niliongeza swali ambalo kikao hakikunituma. Niliuliza: kama si baba mdogo, je, ni ndugu mkubwa aliyemlea yatima tangu uchanga? Jibu la hilo nilikuwa nalo tayari moyoni. Kama si yeye, basi ni mimi. Na mimi nilikwishajua nitasema nini.

Barua ilikuja kupitia sanduku la posta la shule. Mwalimu alinipa nikiwa natoka ghala la pamba, nikaifungua pale pale ukutani. Ilikuwa fupi na ya adabu. Ilisema ridhaa inayotakiwa ni ya baba na mama waliomzaa mtu, kama wako hai. Wakiwa wamekufa, hakuna ridhaa nyingine inayotakiwa na sheria. Si ya baba mdogo, si ya mlezi, si ya kaka wala dada mkubwa, wala si ya Baraza. Ni vizuri kuwaheshimu ndugu na kuomba baraka yao, lakini kukataa kwao hakuzuii ndoa. Ilimalizia kwa kututakia amani.

Nilifika mwisho nikarudi mwanzo. Nilidhani nimeruka mstari. Nikasoma kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Watu walipita wakanisalimu kwa Kisukuma, mwadila, mwadila, na sikumbuki kama niliitikia. Yule kijana wa gengi hakuwa amezuiwa na chochote. Siku ile niliposimama kikaoni na kijitabu mkononi, mambo yote yalikuwa yamekwisha timia. Wazazi wake walikubali, wazazi wangu walikuwa kaburini, na sisi wawili tulichaguana. Tulikuwa huru kama mtu yeyote, na hakuna aliyejua.

Kisha nikaona la pili. Niliyemlisha uji, niliyemlaza juu ya tumbo langu alipougua surua, barua imesema sina neno juu yake.

Nilikwenda kwa mwenyekiti. Wakati huo alikuwa karibu haoni kabisa. Nilimsomea.

"Soma tena hapo pa baba mdogo," akasema.

Nikasoma.

"Kwa hiyo wewe..." Hakumaliza. Alipapasa fimbo yake ukutani ingawa hakuwa anakwenda popote. "Hatukuuliza," akasema.

"Hamkuuliza, mzee."

"Na wewe ndiye uliyekuwa unasoma."

Hakulisema kwa kunilaumu. Alikuwa anashangaa tu, kama mimi. Neno hilo liliniuma kuliko barua, kwa sababu lilikuwa kweli. Kijitabu kilikuwa kimekaa ndani ya kasha langu miaka yote. Kilisema wazazi, na mimi, mtoto wa mtu aliyesema kila mtu asome mwenyewe, nilikuwa naona baba mdogo kwenye karatasi ambayo hayumo.

"Mwanangu," mzee akasema, "tungeiacha mpaka watu wavune pamba kwanza. Vijana hawa wataona wazee wao ni wajinga."

"Itasomwa mkutano huu, mzee."

"Yote?"

"Yote."

Hakubisha.

Kabla ya mkutano niliona si haki baba mdogo asikie habari zake kwa watu. Nilimkuta nyuma ya nyumba anasuka kamba ya katani. Nikampa shikamoo, nikakaa chini, nikamweleza: kwamba tulimwuliza kimakosa, kwamba kukataa kwake, kwa huyu na kwa yule wa zamani, hakukuwa na nguvu katika dini yetu. Nilijiandaa kwa hasira yake.

Aliacha kusuka. "Kwa hiyo yule wa treni aliondoka kwa sababu yangu?"

"Si ulikataa, baba?"

"Nilikataa, ndiyo." Alinitazama kama mtu asiyeelewa anachoulizwa. "Mayu," akaniita, kama Wasukuma wanavyomwita binti yao mama, "wale wazee wenu walikuja mara moja. Hata kukaa hawakukaa. Nani anakubali siku ya kwanza? Baba yako alikataliwa kwa kina mama yako mara tatu, mimi nikiwa nimebeba jembe la zawadi, nikirudi nalo. Unakataa, wanarudi, unawauliza maswali, unawapima. Nilimwambia mama yenu mdogo asiuze yule mbuzi mweupe, wageni watarudi. Nikasubiri."

Aliiweka kamba chini.

"Hawakurudi," akaendelea. "Nikasema, basi, labda wewe umemkataa mwenyewe, au hao Wabahai wamepata mwingine. Sikutaka kukuuliza. Mtoto wa kike haulizwi hivyo."

"Wao walidhani umemaliza."

"Mimi nilisema neno tu, mayu. Nyinyi ndio mliolifanya sheria."

Nilikaa pale mpaka mama mdogo akaja kuuliza kama naumwa. Katika maisha yangu nimepokea habari za vifo, na miili ya jamaa wawili wachimbaji iliyotolewa chini ya ardhi. Sijawahi kushtuka kama siku hiyo, mbele ya mzee na kamba yake. Kwani yule kijana wa reli alitaka kwenda kwake. Alisema, niende mimi, nikae naye. Aliyemzuia nilikuwa mimi, kwa utii. Tungeuliza juu, tungeambiwa ridhaa hiyo haitakiwi. Na tungefuata mila, baba mdogo angekubali siku ya pili au ya tatu. Sisi tulichukua katazo la mila tukalitia muhuri wa dini.

Nilikuwa nimebakiza kumwuliza jambo moja. "Na huyu wa machimbo?"

"Huyo naye namsubiri arudi," akasema, akaokota kamba yake.

Mkutanoni nilisoma barua neno kwa neno. Nilipokaribia mstari wa dada mkubwa, nilijua kwamba mle ndani watu wanaojua kusoma hawazidi vidole vya mikono miwili, na barua iko mkononi mwangu. Niliusoma. Mdogo wangu aliinua uso kunitazama, maana hakujua kwamba niliuliza swali hilo.

Yule mama aliyemcheka mdogo wangu ndiye aliyesema kwanza, taratibu, akinitazama kama anayehesabu miaka. "Basi huyu tulimzuia sisi." Mwenyekiti alisimama kwa fimbo yake, akageukia upande aliodhani nipo, akakosea kidogo, akamwomba msamaha kijana aliyekaa karibu nami. Kijana hakumsahihisha. Mimi nilisema, "Nimesikia, mzee," ili ajue nilipo.

Watu wameniuliza, Wakatoliki na Waislamu na hata Wabahai wenzangu, kwa nini sikuondoka. Sina jibu kubwa. Kitabu hakikunidanganya. Barua ile ingeweza kupindishwa ili kuwalinda wazee, na haikupindishwa. Tulioongeza neno ni sisi, na mimi nilikuwa mmoja wetu. Ningeondoka, ningemwacha nani? Lakini tangu siku hiyo, mtu akieleza maandiko mbele yangu, namwomba anionyeshe mstari. Wengine hunichukia kwa hilo.

Tulipokuwa tunaosha vyombo vya mkutano, mdogo wangu aliniinamia.

"Dada, wewe unasemaje juu yake?"

"Hukusikia barua?"

"Nimeisikia. Nakuuliza wewe."

"Simpendi."

"Najua."

"Atafukiwa shimoni, au atakukimbia akipata."

"Huenda." Alisugua sufuria kwa mchanga. "Mashahidi wanatakiwa wawili. Utakuwa mmoja?"

Nilisuuza sahani moja, nikaigeuza. Nilikuwa nimeshika neno hapana muda mrefu, na sasa halikuwa na mahali pa kuliweka.

"Kwanza arudi kwa baba mdogo," nikasema.

"Kwa nini? Si sheria haimtaki?"

"Sheria haimtaki. Yeye anasubiri."

Mchimbaji alirudi, akaulizwa maswali mpaka jasho likamtoka. Akarudi tena. Mara ya tatu baba mdogo alichinja mbuzi, akamwambia kwamba kicheko chake ni kikubwa kuliko akili yake, lakini mtu anayerudi mara tatu pengine atarudi na nyumbani.

Wazazi wa mchimbaji walikubali, na ndoa ikafungwa huko huko machimbo ya Geita, mbele ya Wabahai wachache wa kule. Tulipanda lori la dagaa, baba mdogo amevaa koti la kanisani. Ndoa yetu haina maneno mengi. Kila mmoja anatamka sentensi moja mbele ya mashahidi, imekwisha. Mdogo wangu aliitamka akiwa ananitazama mimi. Nikaandika jina langu kwenye karatasi, herufi zikaenda upande.

Shahidi wa pili alikuwa hajafika. Wakasema si lazima awe Mbahai. Baba mdogo akatoa kidole gumba, wakakipaka wino.

"Sasa hii ndiyo ruhusa yenyewe?" akaniuliza.

"Hapana, baba. Ni kwamba tumeona tu."

Alikitazama kidole chake, kisha akawatazama wale wawili.

"Haya," akasema. "Nimeona."

Akakibonyeza.